Nimeona au Nadhani? Somo la Kwanza la Jiolojia kwenye Mawe ya Mubambiro

"Mwalimu, jiwe hili nani amelitoboa?"

Swali hili niliulizwa na msichana wa darasa la sita huko Mubambiro, siku ya pili ya somo ambalo siku ya kwanza lilikuwa limenishinda. Makala haya yanaeleza jinsi swali lake lilivyoligeuza somo hilo, na kile ambacho sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kujifunza kutokana na sayansi ya mawe. Hoja yangu ni moja: mtu anaweza kuanza kujifunza jiolojia kwa Kiswahili, bila maabara, mradi ajue kutenganisha kwa maneno kile alichokiona na kile anachokidhani. Kazi hiyo ni ya lugha kabla haijawa ya sayansi. Na mahali kama Mubambiro, kuikosea kunaweza kumgharimu mtu uhai.

Mahali na wanafunzi

Mubambiro iko kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kusini kuna Ziwa Kivu. Magharibi, baada ya Sake, vinaanza vilima virefu vya Masisi. Kaskazini na kaskazini-mashariki zinaonekana volkano mbili: Nyamulagira yenye mita 3,058 na Nyiragongo yenye mita 3,470. Ardhi ni ya mawe meusi. Nyumba zimesimama juu ya mawe hayo, nyua zimejengwa kwayo, na akina mama wengi wanaishi kwa kuyaponda na kuuza changarawe.

Nilikwenda huko kwa shangazi yangu wakati wa likizo. Rafiki yangu anayesoma jiolojia alikuwa ameniazima daftari lake la mwaka wa kwanza, lililoandikwa kwa Kifaransa. Nilitaka kulitafsiri na kulifundisha kwa watoto kumi na mmoja wa jirani, wengine wenyeji, wengine wa familia zilizokimbia vita vilimani. Siku ya kwanza niliwasomea fasili: mwamba ni nini, magma ni nini, lava, ambayo vitabu vingine huiita zaha, ni nini. Waliandika yote. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilipomwomba mvulana mmoja anieleze lava ni nini, alinisomea sentensi yangu neno kwa neno, akakaa. Nilikuwa nimewapa majibu ya maswali ambayo hawakuwa nayo.

Kwa hiyo siku ya pili, yule msichana alipookota jiwe na kuuliza nani amelitoboa, nilifunga daftari.

Kuona kwa jicho na kuona kwa moyo

Niliwaomba kila mmoja aseme anachokiona kwenye jiwe lile. Majibu yalikuja haraka: "Naona ni jeusi." "Naona lina matundu." "Naona limeliwa na mvua." "Naona lilitoka Nyiragongo." "Naona ni zito kuliko linavyoonekana."

Hapo ndipo nilipotambua mtego ambao lugha yetu yenyewe imeutega. Katika Kiswahili kitenzi kuona hufanya kazi mbili. Mtu husema "naona moshi" akimaanisha kwamba macho yake yameupata moshi. Husema pia "naona kesho mvua itanyesha" akimaanisha kwamba hivyo ndivyo anavyofikiri. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halituletei shida, kwa sababu msikilizaji hujua tofauti kutokana na muktadha. Katika uchunguzi linaleta shida kubwa. Jiwe ni jeusi: hilo limeonekana. Jiwe limeliwa na mvua: hilo hakuna aliyeliona. Ni wazo, pengine zuri, lakini ni wazo.

Tukaweka kanuni. Anayesema kitu alichokipata kwa jicho, mkono, sikio au pua atasema "nimeona", "nimegusa", "nimesikia", "nimenusa". Anayesema wazo atasema "nadhani". Na anayesema "nadhani" anadaiwa sentensi ya pili, inayoanza na "kama" na kuendelea na "basi". Wazo lililo tayari kupimwa kwa sentensi hiyo ndilo wanasayansi wanaloliita nadharia tete. Kwa watoto nililiita tu "nadhani yenye deni".

Swali la kwanza: matundu yametoka wapi?

Kulikuwa na nadharia tete mbili. Ya kwanza ilisema matundu yametobolewa na mvua. Ya pili ilitolewa na mvulana ambaye mama yake hukaanga mandazi: alidhani ndani ya jiwe kulikuwa na hewa, kama katika unga ulioumuka.

Tuliandika madeni ya kila moja. Kama ni mvua, basi matundu yatakuwa nje tu, na ndani jiwe litakuwa zima. Kama ni hewa, basi hata ndani, mahali ambapo mvua haijawahi kufika, kutakuwa na matundu. Mama mmoja anayeponda changarawe alituazima nyundo. Tulilifunga jiwe ndani ya gunia ili vipande visiruke machoni, tukalipasua. Ndani lilikuwa na matundu kama nje. Nadharia ya mvua ilianguka, na aliyeileta hakuchekwa, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na cha kulinganisha.

Nadharia ya hewa ilibaki, lakini kubaki si kushinda. Tuliidai zaidi. Mtoto mmoja alisema: kama ni hewa iliyokuwa ikipanda, kama katika chupa ya soda iliyofunguliwa, basi matundu yatakuwa mengi juu kuliko chini. Tulikwenda kwenye shimo ambalo watu huchimba mawe ya kujengea. Ukuta wake umekata tabaka moja la lava, refu kupita mtu mzima. Juu, mwamba ulijaa matundu kama sifongo. Katikati ulikuwa mgumu na matundu machache. Nilikuwa tayari kupiga makofi, ndipo msichana wa kwanza akainama akasema, "Mwalimu, nimeona matundu tena huku chini kabisa."

Alikuwa na haki. Chini, karibu na udongo uliofunikwa, kulikuwa na mkanda mwembamba wa matundu. Nadharia yetu haikuutabiri. Tulikaa juu ya mawe tukafikiri. Mwishowe tulirudi kwenye chakula: ukimimina uji wa moto juu ya sahani baridi, upande gani unaganda kwanza? Juu, unaoguswa na upepo, na chini, unaoguswa na sahani. Katikati unabaki moto kwa muda mrefu. Vivyo hivyo lava inapotambaa juu ya ardhi baridi: chini inaganda upesi na kuvinasa viputo vichache kabla havijapanda, na juu inaganda na kuvinasa vile vilivyopanda. Maelezo haya ndiyo yaliyomo katika daftari la rafiki yangu. Siku ya kwanza ningeyasoma kwa sentensi moja. Siku ile yalikuwa jibu la swali la mtoto.

Tulipima pia uzito kwa ujazo. Mwenye duka alitupimia jiwe kwa mizani yake. Kisha tulijaza beseni dogo maji hadi ukingoni, tukaliweka ndani ya karai, tukalizamisha jiwe, na maji yaliyomwagika tukayapima kwa chupa ya mtoto yenye alama za mililita. Hesabu yake ni nyepesi: tuseme jiwe lina gramu 600 na limemwaga mililita 300, basi kila mililita ya jiwe ina gramu 2. Basalti ngumu isiyo na matundu hukaribia gramu 3. Tofauti hiyo ni mahali palipokuwa hewa. Mtoto anaweza kuupima upana wa kitu ambacho hakionekani.

Swali la pili: maji ya mvua huenda wapi?

Swali hili lililetwa na wasichana, kwa sababu wao ndio wanaobeba maji. Mubambiro mvua hunyesha sana. Mbona hakuna mto, na mbona wanatembea na mabido hadi ziwani au kulipa chukudu iwabebee?

Wengi walidhani mawe huyanywa maji kupitia matundu yake. Tulidai: kama jiwe hunywa, basi likilala ndani ya maji usiku kucha litakuwa na maji hadi katikati. Tulililaza jiwe ndani ya ndoo, asubuhi tukalipasua. Nje lilikuwa limelowa, katikati lilikuwa kavu, kwa sababu matundu mengi hayakuungana, kila kimoja ni chumba kisicho na mlango. Basi tulimwaga maji juu ya mwamba wenyewe na kuyafuata kwa macho. Yalitambaa kidogo, yakafika kwenye ufa, yakapotea. Lava inapopoa husinyaa na kupasuka, kama tope linavyopasuka juani. Maji hupita katika nyufa hizo, huenda chini, na hutokea mbali, karibu na ziwa. Dada hawa walikuwa wakibeba juu ya migongo yao maji yaliyokwisha kupita chini ya miguu yao.

Swali la tatu: lipi lilitangulia?

Umri wa mwamba ndilo jambo gumu zaidi kwa anayeanza, kwa sababu hakuna aliyeuona ukizaliwa. Lakini kwetu wapo walioona. Kila mtoto ana mzazi anayekumbuka tarehe 17 Januari 2002, siku lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Wakubwa zaidi wanakumbuka tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta lilipomwagika kwa muda wa chini ya saa moja. Na wengi wanaikumbuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye, tarehe 27, wakazi wa mitaa mingi ya Goma walipoamriwa kuondoka na maelfu wakapita Mubambiro kwa miguu kuelekea Sake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya umri ilikuwa rahisi: kilicho juu ni kichanga kuliko kilicho chini. Goma ziko nyumba ambazo lava ya 2002 ilifunika orofa ya chini, na watu wakajenga upya juu yake. Hakuna atakayesema kwamba lava ile ni ya zamani kuliko ukuta ilioufunika.

Kanuni ya pili ni ya mimea. Juu ya lava changa huanza vimea vya kijivu vinavyoshikilia jiwe kama ukungu. Baadaye hufuata majani, kisha vichaka, kisha miti na udongo wa kupanda maharagwe na migomba. Mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulitoa lava iliyofika Ziwa Kivu upande wa Sake. Anayejua mwaka huo anaweza kuutumia kama alama: huu ndio unene wa udongo na huu ndio ukubwa wa miti baada ya miaka 80 na zaidi. Si saa kamili, kwa sababu mvua na aina ya jiwe hubadilisha mwendo, lakini ni mahali pa kuanzia.

Kisha tulitembea hadi Sake, na huko mawe meusi yakaisha. Kilima kilisimama mbele yetu, udongo ukawa mwekundu, na watoto wa familia zilizotoka milimani wakaanza kunifundisha mimi: huu ndio udongo wa kwao, unateleza mvua ikinyesha, unatengeneza matofali. Tulimwaga maji juu yake, yakasimama. Kwa nini ardhi ibadilike hivyo kwa mwendo mfupi? Hapa nilitumia daftari, kwa sababu uchunguzi wa miguu una mpaka wake. Sake iko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, tawi la magharibi, ambapo bara la Afrika linapasuka polepole, milimita chache kwa mwaka. Sakafu ya bonde imeshuka, na lava changa imeijaza. Vilima vya Masisi ni ukingo uliobaki juu. Miamba yake haina uhusiano na volkano zetu: ile inayobeba madini huko Rubaya ina umri wa karibu miaka bilioni 1. Kutoka shimo la Mubambiro hadi kilima cha Sake tulikuwa tumetembea kutoka siku za babu zetu hadi wakati ambapo duniani hapakuwa na mnyama wala jani.

Neno madini

Nilipotamka neno madini, mvulana mmoja alisema, "Mubambiro hatuna madini. Madini yako Rubaya na Walikale." Kwake, madini ni kitu kinachouzwa: koltani ya Rubaya, kasiteriti ya Bisie. Ukimwuliza mtu yeyote wa Kivu atakujibu hivyo, na maisha yamempa sababu.

Katika jiolojia, madini ni kitu kigumu cha asili chenye muundo wake maalumu, kiwe na bei au kisiwe nayo. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kama kande ilivyo mkusanyiko wa mahindi na maharagwe. Jiwe ni kipande cha mwamba. Tulichukua jiwe jeusi lililopasuliwa, tukaligeuza juani, na kwa kioo cha kukuzia tukaona vipunje vya kijani vilivyong'aa. Ni olivini. "Hii ni madini?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo. "Nani ananunua?" Hakuna. Aliiweka mfukoni hata hivyo.

Hapa kuna somo kwa watafsiri. Hatuhitaji neno jipya. Tunahitaji kumwambia msomaji kwamba neno analolijua linatumika hapa kwa maana pana zaidi. Sayansi nyingine zimefanya vivyo hivyo. Lava yenye ngozi laini iliyojikunja kama kamba inaitwa duniani kote pahoehoe, na ile yenye miba inaitwa aa. Yote mawili ni maneno ya wenyeji wa Hawaii, waliokuwa wakitembea juu ya mawe hayo miguu mitupu na walihitaji kujua tofauti. Na Kiswahili cha Goma kimetoa neno lake katika sayansi hiyo: mazuku.

Swali la nne: nini kimemwua mbuzi?

Katika wiki ya tatu, alfajiri, mbuzi wa shangazi alikosekana. Tulimkuta amelala kwenye bonde dogo kati ya ndimi mbili za lava, hana jeraha, na karibu naye ndege wawili wamekufa. Nilikuwa nimewaandikia watoto fasili ya mazuku siku ya kwanza kabisa. Pamoja na hayo nilianza kushuka ili nimtoe. Nilikuwa nimepiga hatua mbili shangazi alipopaza sauti: "Baba, rudi! Rudi hapa!" Nilirudi. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, labda kwa hofu, labda si kwa hofu. Mbuzi yule hatukumtoa.

Nilijiuliza baadaye jinsi mtu anavyoweza kuijua fasili na bado akashuka. Jibu ni kwamba sikuwa na swali. Nilikuwa nimeona bonde tupu, na nikadhani ni salama. Nikaiita dhana hiyo kuona.

Watoto walikuwa na nadharia tete zao. Mmoja alisema ni roho mbaya. Mwingine alisema ni sumu yenye harufu. Wa tatu alisema ni hewa nzito. Tulikusanya kwanza yale yaliyoonekana na watu wengi wa pale: hakuna harufu; wanakufa kuku, mbwa na mbuzi kabla ya watu wazima; hutokea mashimoni na mabondeni; hatari ni kubwa usiku na alfajiri pasipo na upepo, na hupungua jua likiwaka na upepo ukivuma. Kama ni sumu yenye harufu, basi tungeinusa. Kama ni hewa nzito kuliko hewa ya kawaida, basi itakaa chini, itamkuta mfupi kabla ya mrefu, na upepo utaitawanya. Nadharia ya roho haikuwa na "basi" yoyote. Hatukuibeza, tulisema tu kwamba haituambii tulale wapi.

Jaribio tulilifanya mezani, mbali na bonde, na nasisitiza: jaribio la mazuku halifanywi kwenye mazuku. Tulisimamisha ndani ya beseni lenye kina mishumaa mitatu, mfupi, wa kati na mrefu, tukaiwasha. Ndani ya jagi tulichanganya siki na bikaboneti ya waokaji. Povu lilipotulia, tulilielekeza jagi beseni kana kwamba tunamimina maji, bila kumwaga siki. Hakuna aliyeona kitu kikitoka. Mshumaa mfupi ulizimika. Kisha wa kati. Ule mrefu uliendelea kuwaka.

Hewa iliyomiminika ni kaboni dayoksaidi, hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu. Katika hewa tunayovuta imo sehemu 4 hivi kwa kila 10,000. Ikizidi sehemu 10 kwa 100 mtu anaweza kuzirai kwa dakika chache na kufa. Katika ukanda wa kati ya Goma na Sake inatoka chini ya ardhi kupitia nyufa za Bonde la Ufa, inajikusanya kwenye vishimo vya lava, na hukaa hapo hadi upepo uitoe. Ndiyo hewa iliyotoka kwa ghafla katika Ziwa Nyos huko Kamerun tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Niliongeza onyo moja: kushuka bondeni na mshumaa si kinga, kwa sababu hewa inaweza kumdhuru mtu wakati moto bado unawaka.

Vitabu vya kigeni hufasiri mazuku kuwa "upepo mbaya". Kama mwanafunzi wa lugha naipinga tafsiri hiyo. Upepo huenda, mazuku hukaa. Upepo ndio unaotuokoa nayo. Ona badala yake umbo la neno: linaanza na ma-, pamoja na maji, maziwa, mafuta na matope, vitu vinavyomiminika na kujaza mahali pa chini. Anayeifikiria mazuku kama maji yasiyoonekana atajua pa kutoa kitanda chake. Anayeifikiria kama upepo atafunga dirisha na kulala chini.

Bango

Karibu na pale palikuwa na bango la onyo. Limeandikwa kwa Kifaransa peke yake, na kemia yake ni sahihi. Hatua chache chini yake familia zilizokimbia zilikuwa zimesimamisha vibanda vya turubai, kwa sababu bondeni hakuna upepo wa kuvirusha na hakuna mwenye shamba wa kudai kodi. Watoto wao hulala chini, juu ya mkeka. Kila sharti tuliloandika ubaoni lilikuwa limetimia.

Tulilirudia jaribio la mishumaa mbele ya akina mama, na safari hii watoto ndio waliosema "nimeona" na "nadhani", "kama" na "basi". Mama mmoja alitazama mshumaa mfupi ukizimika akauliza ni mrefu kiasi gani. Mtoto wake akaweka kiganja juu ya meza kuonyesha, kisha akakishusha karibu na ardhi, mahali kichwa chake kinapokuwa akilala. Mama hakusema neno. Jioni alihamisha turubai lake juu ya mwamba. Wengine wawili walimfuata. Mmoja alisema juu hakuna nafasi, na alisema kweli. Tulimsaidia kuinua vitanda kwa mawe na mbao, na kukubaliana kwamba watoto wasitoke alfajiri kabla ya upepo kuanza.

Hitimisho

Niliikaribia kazi hii nikidhani kwamba kufundisha sayansi kwa Kiswahili ni suala la istilahi. Istilahi zinahitajika, na nyingi tunazo. Lakini bango lile lilikuwa na istilahi zote na halikumhamisha mtu. Kilichowahamisha ni sentensi yenye "kama" na "basi" waliyoiona ikitimia mbele ya macho yao, katika lugha wanayowakanyia watoto wao. Anayefasiri onyo bila kufasiri sababu amefasiri nusu.

Kwa wenzangu watakaokwenda likizo, naacha mazoezi manne:

1. Sikiliza mazungumzo ya siku moja nyumbani. Andika kila "naona" inayotamkwa, na uzigawe: ya jicho na ya moyo.
2. Chukua jiwe la kwenu, la aina yoyote. Andika mambo matano uliyoyaona na mawili unayoyadhani. Kwa kila unalodhani, andika deni lake.
3. Tafuta neno moja la watu wa kwenu linalohusu ardhi, maji au mawe. Waulize wanaolitumia linatofautisha nini na nini.
4. Tafuta onyo la hadhara lililoandikwa kwa lugha ambayo walengwa hawaisomi. Liandike upya kwa Kiswahili, ukiweka sababu kabla ya katazo. Kisha lisome mbele ya mtu mmoja ambaye maisha yake yanalihusu, na umwombe akueleze alichoelewa.

Nilipoondoka, msichana wa swali la kwanza alinipa kipande cha jiwe lile tulilolipasua. Alikuwa ameandika juu yake kwa chaki: nimeona.